Mpe Nati Kahawa Kwanza

Nawaandikia ninyi mnaolala chali chini ya magari ya watu huku kutu ikiwaingia machoni. Wengine mnaweza kusoma pia, sina kinyongo, ila msije mkalalamika kwamba mzee huyu kazi yake ni kuzungumza habari za nati. Nimeshawaambia mapema.

Tena ni nati moja tu: ile ndogo inayoshika paipu ya breki. Fundi wa injini akipita sokoni watu humpisha na kumuuliza habari za nyumbani. Fundi wa breki hakumbukwi hata kidogo, mpaka siku gari linashuka mlima na mguu wa dereva unazama hadi sakafuni. Hapo ndipo jina langu lilikuwa likitajwa, pamoja na la Mungu. Nilifanya kazi hiyo ya kutokumbukwa tangu ndevu hazijaota mpaka zilipoota mvi, sehemu kubwa kwenye gereji moja ya Rwamishenye, Bukoba, na niseme wazi kwamba niliifurahia mno. Sasa nimestaafu. Nipo zangu Nshambya na migomba yangu na kuku wasio na adabu, na bado nikisikia gari linafunga breki barabarani nasimamisha jembe nisikilize.

Kwanza mjue adui yenu. Mvua ya Bukoba mnaijua, haiombi ruhusa. Gari la zamani likikaa, maji yanaingia pale nati inapokumbatia paipu, kutu inaota, na baada ya miaka nati na paipu na kile kilichofungwa vinakuwa kitu kimoja. Anakuja kijana na nguvu zake za asubuhi, anavuta. Hapo litatokea moja kati ya mambo mawili. Ama kona za nati zinalika, inabaki duara, na spana inazunguka bure. Au nati inazunguka kweli, kijana anashangilia, kumbe imebeba na paipu yenyewe, na paipu inajisokota kama kamba ya mbuzi aliyezunguka mti kutwa nzima. Ikishajisokota imekatika, na ikishakatika gari haliendi popote.

Aliyenifundisha haya alikuwa Ta Kaijage. Ta ni baba, Ma ni mama, ndivyo tunavyowaheshimu wakubwa kwetu. Alikuwa mfupi, mpana, mzee wa kanisa la Kilutheri, na chini ya gari aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pua. Mimi nilitoka familia ya Kiislamu ya mjini, baba yangu muuza vitambaa, na siku yangu ya kwanza nilifika na haraka ya mjini. Nikapewa nati iliyoganda. Nikashika spana kwa mikono miwili, nikaegemeza mguu kwenye chesisi.

"Idrisa," akaniita kabla sijavuta. "Ukienda kwa mtu, ukifika mlangoni unasema nini?"

"Hodi."

"Halafu?"

"Nasalimia."

"Halafu?"

"Nakaribishwa, nakaa."

"Halafu?"

"Naletewa kahawa."

Mnajua kahawa ninayoisema, si ya kikombe. Ni akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, anazoletewa mgeni kwenye kikapu kidogo kabla hajasema neno la maana.

"Na shida iliyokupeleka unaitaja lini?"

"Baadaye, Ta. Tukishatafuna."

"Mbwenu, sasa kwa nini nati unataka iseme shida yake mlangoni?"

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hodi ilikuwa brashi ya waya: unasugua nati na paipu nyuma yake mpaka chuma kionekane, maana kutu ya nje ndiyo inayokwamisha kwanza. Salamu ilikuwa nyundo ndogo, ile ya kugonga taratibu pembeni pembeni, nati isikie kwamba kuna mtu. Kahawa ilikuwa mafuta mepesi, matone machache nyuma ya nati pale paipu inapoingia. Kisha Ta Kaijage alitoa punje za kahawa kwenye mfuko wa shati, akatupa kinywani, akaanza kutafuna. Mpaka amalize hakuna mtu aliyegusa spana. Kama nati ilikuwa mbaya sana alitafuna mara ya pili. Wenye magari waliokuwa na haraka walimkodolea macho wakihesabu taya zinavyopanda na kushuka.

Leo mna dawa za kopo, za kupuliza. Msidhani nitazisema vibaya, ni nzuri, na kama Ta Kaijage angezipata angeimba sauti zote za kwaya peke yake. Lakini nawaona. Mnapuliza, na papo hapo mnavuta. Huko ni kumtupia mgeni kahawa usoni na kumuuliza anaondoka saa ngapi.

Na spana. Hapa naomba tusikilizane vizuri kwa sababu nikikumbuka mambo ya spana hasira zinanipanda. Spana ya mdomo inashika nati pande mbili tu, ndiyo inayowalia kona. Spana ya ringi inashika pande zote, ila haiwezi kuingia kwa sababu paipu imeziba njia. Ta Kaijage alichukua ringi mpya kabisa, akaibana kwenye jiriwa, akaikata kwa msumeno wa chuma pengo dogo la kupitishia paipu. Mwenye gereji karibu alie. Alidhani fundi wake amechanganyikiwa. Lakini ile ringi iliyokatwa iliingia kupitia paipu, ikateleza, ikaikumbatia nati pande zote, na kuanzia siku hiyo ilitundikwa kwenye msumari wake na hakuna aliyeruhusiwa kuiazima. Siku hizi zinauzwa tayari zimekatwa kiwandani. Nunua. Ukimwona mtu anaanza nati ya breki kwa vaisgripu, lile koleo la kung'ang'ania, mwombe atoke chini ya gari lako.

Najua nimetoka nje ya njia, lakini nikitaja breki siwezi kumwacha yule dereva wa lori la ndizi. Mafuta ya breki yalimwishia njiani, akiwa na mzigo na madumu ya rubisi. Akafikiri kwamba kimiminika ni kimiminika. Akajaza rubisi kwenye kikopo cha breki, akafunga, akaendelea. Mnajua pombe ya ndizi ikiwa bado changa haitulii, inaumuka. Alipofika kwetu kanyagio lilikuwa laini kama mto wa kulalia, na tulipofungua kutoa upepo, upepo wote ulinuka harusi. Ta Kaijage alitoka chini ya lori, akajifuta uso, akamwambia, "Bwana, gari lako halina ubovu wowote. Limelewa." Tulivunjika mbavu mpaka jioni. Ila mjue tulibadilisha mipira yote ya ndani, na hiyo si ya kucheka. Kwenye breki kinaingia kile kilichoandikwa breki, basi. Hata mafuta yetu ya kulegezea nati yanabaki nje, hayapewi nafasi ya kuingia ndani ya paipu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Gereji yetu ilikuwa na shimo moja na lango moja, kwa hiyo kila gari liliingia likitazama upande wa Muleba. Ziwa daima lilikuwa kushoto kwa gari, mlima kulia. Mwanzoni fundi ukiwa chini, shingo imepinda, unatazama juu, huelewi kulia wala kushoto, na Ta Kaijage alichoka kukuta vijana wanakaza huku wakidhani wanalegeza. Akatunga sheria kwa ile nati ya chini katikati, pale paipu ndefu itokayo mbele inapokutana na mpira wa kwenda breki za nyuma. Spana ikining'inia, alisema, ziwani inafungua, mlimani inafunga.

Mtu wa Bukoba unaweza kumzungusha umemfumba macho, bado atakuonyesha ziwa liko wapi. Sheria ile iliingia kwenye damu. Hakuna aliyesema tena fungua wala funga, ilikuwa ziwani na mlimani tu. Mke wangu aliwahi kunikuta jikoni nimeshika chupa ya asali iliyokaza, nimesimama, natafuta ziwa.

Nami niliwafundisha walionifuata, na aliyeshika vizuri kuliko wote ni Ashura. Alikuja gerejini msichana mwembamba, watu wakamuuliza kama amepotea njia. Sasa ni fundi mkubwa, ana gereji yake Muleba, na nilipostaafu nilimpa ile ringi ya Ta Kaijage, maana wanangu wa kuzaa walichagua kazi za kukaa kwenye viti.

Ijumaa moja, mwaka huuhuu, nimetoka msikitini hata kanzu sijavua, simu ikaita.

"Shikamoo, Ta Idrisa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Nipo Kamachumu, kwa Ma Kokugonza. Kuna nati imenishinda."

Akanieleza. Ma Kokugonza ni mjane, mkulima wa kahawa, na marehemu mumewe alimwachia pikapu ya rangi ya krimu, ya aina ile ya zamani yenye gia kwenye usukani. Katika pikapu hiyo mabinti zake wote walitoka nyumbani siku za harusi zao. Mjukuu aliyemlea, Kemilembe, alikuwa anaolewa kesho yake, Jumamosi, na babu yake alikuwa amemwahidi tangu akiwa mtoto wa kupakatwa kwamba naye atatoka nayo. Upande wa bwana harusi ulishaleta gari jeupe linalong'aa kulionyesha, kabla ya kulirudisha lisubiri siku yenyewe. Kemilembe alilitazama, akashukuru, akasema yeye anaondoka na gari la babu.

Tatizo ni kwamba kutoka Kamachumu kwenda mjini lazima ushuke ule mteremko wa Muhutwe, na mpira wa breki za nyuma ulikuwa umepasuka kwa uzee. Baba mdogo wa bibi harusi, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, alikuwa amesema, na kwa kweli alisema sawa, kwamba pikapu isipokuwa na breki kabla jua halijazama, mtoto atapanda gari jeupe na hakuna mjadala. Mpira mpya Ashura alikuwa nao. Kilichobaki ni nati moja, na paipu nzee ambayo ikikatika hakuna nyingine ya aina yake karibu.

"Umempa kahawa?" nikauliza.

"Nimempa, nikamwongeza. Kona zote bado nzima, natumia ringi yetu. Lakini haisogei, Ta. Tangu asubuhi navuta mpaka mabega yanawaka."

"Unavuta wapi?"

"Ziwani. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Nilitaka kumwambia aongeze kutafuna. Halafu kitu kikanigusa kichwani.

"Ashura. Pikapu inatazama wapi?"

"Inatazama njia, tayari kwa safari. Ma alisema bibi harusi haondoki kwao kinyumenyume, wakaisukuma jana wakaigeuza." Nikamsikia anajigeuza chini ya gari. "Inatazama Bukoba. Ziwa liko kulia."

Nikasikia spana inaanguka chini.

"Ta Idrisa."

"Nipo, mwanangu."

"Nimekuwa naikaza."

"Tena umeikaza vizuri sana," nikamwambia. "Usiguse kitu, nakuja."

Niliondoka na kanzu yangu hivyohivyo. Nilicheka njia nzima mpaka Muhutwe, abiria wenzangu kwenye daladala wakadhani nimepokea habari za urithi, lakini nilipopanda bodaboda kuelekea juu kicheko kiliniisha. Nati iliyokazwa asubuhi nzima na mabega ya Ashura si ya kuchekea. Na nilikuwa nikimfikiria yule binti aliyeahidiwa.

Nyumbani kwa Ma Kokugonza palikuwa pamechangamka. Wanawake wamekaa nyuma ya nyumba wanamenya ndizi, mafiga yanatoa moshi, watoto wanafukuzwa kila kona. Katikati ya uwanja ilisimama pikapu, imeoshwa, imefungwa utepe mweupe kwenye vioo vya pembeni. Chini yake zilionekana buti za Ashura, zimetulia.

"Nyegera waitu, Ta Idrisa," Ma Kokugonza alinipokea. Ni mama mrefu, macho makali, gomesi ya kijani. "Wameniambia nati imefungwa badala ya kufunguliwa. Mgeni anataka kutoka, ninyi mnamsukuma ndani?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Ma. Tutamwomba radhi."

"Basi mwombeni vizuri. Huyu mtoto ameniambia gari jeupe likija mlangoni atatembea kwa miguu."

Kemilembe mwenyewe alikuwa amesimama kando na vitenge vyake, nywele zimeshasukwa. Aliniamkia kwa kupiga magoti kama walivyomlea, kisha akaniuliza swali moja tu, taratibu, asisikie bibi yake. "Itafunguka?"

Sikumdanganya. "Sijui bado. Nikishatafuna nitakwambia."

Nikalala chini. Mgongo ulilalamika, nikajikaza. Ashura alikuwa amejaa kutu usoni, macho mekundu, na nikaona wazi kwamba ameona aibu. Nikamwambia kama kuna wa kulaumiwa basi ni Ta Kaijage, na yeye yuko mahali ambapo lawama hazifiki. Akatabasamu kidogo. Tukaanza upya: hodi, salamu, kahawa. Nikamwomba alete kipande cha nondo, akaweke kwenye makaa ya mafiga.

Hapa nisikilizeni. Nati iliyokataa kabisa inataka joto. Lakini mafuta ya breki yanashika moto, kwa hiyo hupeleki mwali wowote kule chini. Unafuta mpaka pakauke, unaleta chuma kilichopashwa, unakigusisha kwenye nati, nati peke yake, mpaka ipate joto. Kisha unachukua mshumaa usiowashwa, unaugusisha pale paipu inapoingia. Nta inayeyuka na nati inainywa, inaingia mahali ambapo mafuta hayafiki. Ta Kaijage alitembea na vipande vya mishumaa mfukoni, na wateja walidhani anasali chini ya magari yao. Baadhi walilipenda sana jambo hilo.

Ashura alipita katikati ya wamenya ndizi na nondo nyekundu mkononi, wakampisha kwa makelele. Nikagusisha. Nikapaka nta. Ikanywewa. Nikatoka chini, nikaketi.

"Sasa tunasubiri, Ma."

"Mpaka lini?" akauliza baba mdogo, akitazama jua.

"Mpaka mgeni amalize kahawa."

Ma Kokugonza alinitazama, hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. Akanipa punje, akampa Ashura, akampa baba mdogo aliyezipokea kwa sababu hakuna anayekataa kahawa ya Ma Kokugonza. Kisha akachukua kipande cha jani la mgomba, akaweka punje chache juu yake, akainama na gomesi yake yote, akalisogeza chini ya pikapu, sawa kabisa na pale nati ilipo.

"Na yeye ale," akasema.

Tukatafuna. Mtu yeyote asiniambie kuna mahali pazuri duniani kuliko hapo, jioni ile, harufu ya ndizi na moshi, uwanja mzima umekaa unasubiri kinati kisichozidi ncha ya kidole. Baba mdogo alimeza zake haraka, nikamwambia bado mimi natafuna.

Nilipomaliza nikamwambia Ashura avute yeye. Mabega yangu yamestaafu pamoja nami. Nililala kando yake nikishika paipu kwa vidole, maana paipu ndiyo inayokwambia ukweli.

"Mlimani," nikasema.

"Mlimani," akasema, akavuta taratibu.

Kuna mlio mnaopaswa kuujua. Nati nzuri inapoachia inalia mara moja, kavu, tii! Ikiwa haikulia, ila unahisi spana inakuja laini kama unakanda unga, acha palepale, hiyo ni paipu inajisokota. Ililia. Ashura akapumua. Lakini vidole vyangu vikahisi paipu nayo inageuka.

"Simama! Inakuja na paipu."

Akarudisha spana. Miguu mizuri ya Kemilembe ilikuwa karibu na tairi, nikaiona inakunja vidole.

"Nondo na nta tena," nikamwambia Ashura. "Halafu usifungue wala usifunge. Bembeleza. Kidogo mlimani, kidogo ziwani, usivuke pale paipu inapoanza kuguna."

Akaanza. Kidogo mlimani, kidogo ziwani. Mimi nikawa namwitia mwendo, mlimani, ziwani, mlimani, ziwani. Sijui ni nani alianza kule nyuma ya nyumba, lakini mwanamke mmoja alidaka, akaitikia ziwani kwa sauti ya juu, mwingine mlimani kwa sauti nzito, na mara wamenya ndizi wote wakawa wanaimba huku visu vinagonga masufuria. Ashura alicheka mpaka spana ikatetemeka, nikamkemea, nami nacheka. Mlimani, ziwani. Na katikati ya wimbo vidole vyangu vikahisi paipu imetulia. Nati ilikuwa inazunguka peke yake, laini, kama haijawahi kuwa na ugomvi na mtu.

"Endelea mlimani," nikamwambia. "Usirudi tena."

Ilipotoka akaniwekea kiganjani, ya moto bado. Nilitoka chini nimeishika juu, na uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Ma Kokugonza akapiga makofi. "Kasinge waitu!" alitushukuru, akaiokota ile nati kiganjani mwangu aitazame, akasema ni ndogo kuliko alivyofikiri.

Kilichobaki kilikuwa raha tupu. Mpira mpya ukaingia, na kabla ya kufunga tukapaka grisi kidogo mgongoni mwa nati, kwa ajili ya fundi atakayekuja miaka ijayo ambaye hatatujua. Kutoa upepo kunahitaji mtu wa kukanyaga, na Ma Kokugonza hakukubali mtu mwingine akalie kiti cha mumewe. Ashura chini anaita, yeye juu anaitikia.

"Kanyaga, Ma!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Achia polepole!"

Mwanzo mguu wake ulizama. Tukarudia, tukarudia, mapovu yakapungua, na mara moja akasema kwa mshangao, "Haa! Imenikatalia!"

"Ndiyo breki yenyewe hiyo, Ma," nikamwambia. Akaendelea kuikanyaga baada ya kazi kuisha, akitabasamu peke yake mbele ya usukani. Jua lilikuwa bado lipo. Baba mdogo akatikisa kichwa, akaenda kupiga simu gari jeupe lisije.

Jumamosi asubuhi walinipakia nyuma pamoja na omuhingiro, yaani vitu ambavyo bibi harusi anasindikizwa navyo kutoka kwao: mikeka, vikapu, mikungu ya ndizi, na mbuzi wawili waliokuwa hawaelewi sherehe inahusu nini. Ashura alikuwa kwenye usukani, kilemba kipya kichwani. Kando yake walikaa Ma Kokugonza na Kemilembe katika shela yake. Kioo cha nyuma cha kibanda kilishaondoka zamani, kwa hiyo nilisikia kila neno.

Tulipoanza kushuka mteremko ziwa likaonekana chini kulia, na mbali kabisa visiwa vya Bumbire. Kwenye kona ya kwanza Ashura akafunga breki. Pikapu ikasimama palepale, haikuvuta upande, haikulia. Magari ya nyuma yakasimama pia, yakaanza kupiga honi.

"Kuna nini?" Ma Kokugonza akauliza.

"Hakuna kitu, Ma. Nilitaka kuona kama inasimama."

"Inasimama?"

"Inasimama."

Wote watatu wakacheka. Ila Kemilembe alipogeuka atazame honi zinatoka wapi, macho yake yalipita juu ya bega langu na juu ya mbuzi, yakafika kule juu, ambako migomba ya kwao ilikuwa bado inaonekana na bati la nyumba linang'aa katikati. Alikuwa amecheka asubuhi yote. Sasa hakucheka. Aliangalia tu, na Ma Kokugonza akamshika mkono bila kugeuka. Ashura akaachia breki tukaendelea, kona ya pili ikakaribia, na bati lile likaanza kujificha nyuma ya kilima.

"Dada Ashura," Kemilembe akasema. "Naomba simama tena."

Ashura akakanyaga. Ikasimama. Machozi yalinitoka pale kati ya mikungu ya ndizi, sioni sababu ya kuficha, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikujua niiweke wapi. Safari hii hakuna gari lililopiga honi.

Tulisimama kila kona mpaka Muhutwe, hata mbuzi wakazoea.